Sentimita Moja Juu ya Maji

Je, nyumba inayoelea huwa na kimo gani, ilhali maji yenyewe hayajui kukaa kitako? Bwana Sybren Hoitsma, Mkaguzi wa Idara ya Vyombo Vieleavyo, hakuwa na jibu. Alikuwa na rula. Idara ilikuwa imeutangazia umma wa mifereji ya Frisia, huko Uholanzi, kwa tarumbeta na bendera, kwamba kuanzia Jumatatu hiyo hakuna nyumba ya majini itakayojitokeza juu ya maji zaidi ya sentimita mia mbili na hamsini. Itakayozidi itavutwa ikavunjwe.

Ya Bibi Wietske, mjane aliyeishi humo miaka arobaini, ilizidi kwa sentimita moja.

"Juzi ilikuwa sawa!" alifoka. "Nimempa binti yangu piano, nyumba ikainuka. Mzigo ukitoka, chombo hupanda. Hata bata anajua, mwanangu!"

"Bata hana mamlaka, Bibi."

"Basi nipakie mawe."

"Mawe yana kibali chake. Miezi tisa."

"Na mnaivuta lini?"

"Leo, baada ya chakula cha mchana."

Kamati ya Uvutaji ikawasili: wajumbe wanne walioshiba vyeo, wakiongozwa na Mwenyekiti, Bi Baukje Ellema. Kahawa ilikuwa imeiva, na Mfrisia hakatai kahawa, hata ya mtu anayemvunjia nyumba. Wakaingia, wakaketi kwa duara. Bibi Wietske akapitisha kopo la biskuti. Kila mmoja akachukua moja, kopo likafungwa pap!

Nje, Sybren alipima mara ya mwisho, kama kanuni inavyoagiza. Akapima tena. Akachungulia dirishani.

"Mheshimiwa, mia mbili na hamsini kamili. Nyumba imekidhi masharti."

"Wewe umerogwa? Ni uzito wetu huo! Haya, tunatoka."

"Haiwezekani, Mheshimiwa. Ibara ya saba, uliyoiandika kwa mkono wako: uzito uliokuwamo wakati wa kupima usiondolewe bila idhini ya Kamati nzima, ikiwa imeketi ofisini."

"Basi twende tukaketi ofisini!"

"Mtafikaje, na kutoka humu hamruhusiwi?"

Bibi Wietske akainuka taratibu, akabandika sufuria ya supu ya njegere.

"Sybren, fikiria ajira yako," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini.

Sybren aliifikiria. Kisha akagonga muhuri kwenye fomu ya vipimo.

"Nimeamua," alisema. "Bibi Wietske anabaki na nyumba yake, na ninyi mnabaki naye."