Friza ya Fidélie Yashuka Ardhini

Jumatatu, 4 Juni
Nyumba mpya imekwisha kujengwa! Tulifukuzwa Kasulo, ambako kila mtu alichimba kobalti chini ya kitanda chake hadi nyumba zikaanguka. Hii nimeibuni mwenyewe. Paneli mbili za sola juu ya bati, upande wa barabara, ili jirani yangu Omer azione kila akitoka. Yeye ana jenereta. Maskini! Mke wangu Fidélie aliuliza kama jua halipiti upande ule mwingine. Nikamwambia aniachie ufundi wangu.

Jumatano, 6 Juni
Friza imezimika saa nane mchana. Samaki wa Fidélie, ambao ndio wanatulisha, wanaanza kulegea. Alinivuta hadi uani, akanyoosha kidole juu. "Tata, mu Juni jua inapitaka kule!"
Kuhamisha paneli ni kubomoa nusu ya paa. Ghali! Tena Omer atacheka. Paneli ya tatu? Ghali zaidi. Basi, kama umeme hauongezeki, friza ndiyo ipunguze kula umeme. Ardhini kuna baridi ya bure. Nitachimba shimo sebuleni, ishuke humo. Akili gani hii!

Ijumaa, 8 Juni
Mita mbili. Tatizo ni chefu, yaani mkuu wa mtaa, Mama Adolphine. Tulipopewa viwanja alitufanya sote tutie saini: anayechimba ananyang'anywa kiwanja. Kwa hiyo natoa udongo kwa beseni, nimeufunika kwa nguo chafu. Omer aliuliza nachimba nini. Nikasema choo. Sebuleni? Nikasema cha wageni. Akaondoka akitabasamu.

Jumapili, 10 Juni
Friza imeshuka kwa kamba, na imefanya kazi hadi jioni! Samaki wagumu kama matofali. Fidélie anapanda na kushuka ngazi kwa kila mteja, amenuna, lakini anauza. Nimefurahi sana. Ila shimoni nasikia kitu kinagonga. Nadhani ni mota.

Jumatano, 13 Juni
Si mota. Ni Omer! Alichimba kutoka kwake, akitafuta kobalti aliyodhani nimeipata. Saa tano asubuhi alitoboa ukuta wa shimo langu, na sebule ikashuka. Paneli, bati, friza, vyote chini. Fidélie alikuwa sokoni, Mungu mkubwa. Omer alitambaa nje mwekundu kwa vumbi, mkononi samaki mmoja.
Nilimweleza Mama Adolphine hesabu yote ya jua, bei na baridi. Alisikiliza hadi mwisho. "Tata Kalumba, bote ba Kasulo balisemaka ni choo. Weye ni wa kwanza kusema ni friza." Kisha akachukua viwanja vyote viwili, changu na cha Omer. Fidélie alilia. Nami nililia, nyuma ya bati lililobaki.

Jumamosi, 16 Juni
Kasaji, kwa shemeji yangu Mwenze. Tumekuja kwa treni, pamoja na friza na paneli tulizozifukua. Mwenze ametupa kipande cha kiwanja chake kwa sharti moja: Fidélie ndiye ataamua paneli zitatazama wapi. Nimekubali bila kubisha. Mtu hujifunza.
Udongo wa hapa ni laini ajabu. Leo asubuhi jirani alichungulia juu ya ua, akauliza nachimba nini.
Nikamwambia choo.