Nitamshinda Wamae kwa Upole

Jumapili, 10 Machi 1996

Leo baada ya misa Sista Jeniffer ametufundisha kumshinda adui bila ngumi. Usimpige. Usimtukane. Asubuhi mwombee, jioni kaa kimya uchunguze moyo wako. Ati upole una nguvu kuliko panga. Nilikaa mbele kabisa, nikasikiliza kama mtu anayeelezwa mahali pa kupata dawa. Maana adui niko naye tayari, hapa karibu, ng'ambo ya ua.

Ni Wamae. Jirani yangu, rika langu, tulitahiriwa mwaka mmoja. Tangu nizaliwe tumepeleka maziwa barabarani kwa njia inayokatiza shamba lake. Sasa ameifunga na kayaba, miiba mirefu kama sindano za daktari wa ng'ombe. Anasema ng'ombe wangu alikula majani yake ya nepia. Alionja tu! Nalazimika kuzungukia darajani kule chini, na nikifika lori la maziwa limeondoka. Karani wa maziwa amenionya: niendelee hivi, jina langu linafutwa kwenye orodha ya wauzaji. Na maziwa ndiyo karo, ndiyo chumvi, ndiyo kila kitu kwetu.

Wiki iliyopita ningeenda na panga. Sasa hapana. Nitamshinda kwa upole mpaka aniombe msamaha mbele ya watu.

Tafakari ya jioni: moyo wangu ni safi. Wa Wamae sijui.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeanza kumwombea adui. Alfajiri, kando ya ua, kwa sauti ya kufika jikoni kwake. Nilimwomba Mungu amsamehe Wamae uchoyo, na roho ngumu, na ile tabia ya kuazima vitu akasahau. Yote kwa upendo. Nikiwa katikati ya kuvitaja vitu alivyoazima, mkewe Magdaline akajibu kutoka ng'ambo: Amina! Kisha akaongeza ombi lake, ati Mungu amkumbuke pia Baba Muriithi, ampe sauti ya chini, maana kuku wamekataa kutaga. Baba Muriithi ndiye mimi. Wamae akacheka mpaka akakohoa.

Niliuma ukosi wa koti.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimefunga. Nilibeba kigoda na rozari, nikakaa kando ya ua upande wangu, nikatangaza kwamba sili kitu mpaka njia ifunguliwe. Hii ndiyo silaha kubwa kabisa. Sista alisema hata mtu mkatili huona aibu.

Saa sita Magdaline akapitisha bakuli juu ya miiba. Maharagwe meusi ya njahi, ndizi, na vipande vya nyama humo ndani. Akasema, shemeji, hatuwezi kula na mtu anatuangalia. Sasa ningefanya nini? Kukataa chakula cha jirani ni kumtukana, na matusi ni vita. Nikala, kwa ajili ya amani. Nikaomba nyongeza asije akafikiri nimenuna. Mke wangu Murugi akanikuta nalamba kijiko. Akauliza kama kufunga ndiko huku, basi na yeye aletewe kigoda.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepata! Sista alisema mtendee adui wema asioustahili. Nikamchukua beberu wangu mwekundu, yule mzuri kuliko wote, nimpeleke kwa Wamae mchana kweupe. Nilipitia sokoni ili watu wamwone mtu mwenye moyo.

Kabla sijatoka nyumbani Murugi alinishika koti. Akaniambia, Baba Muriithi, watu wataelewa vingine. Nikamwambia yeye hakuwa kwenye mafundisho.

Nilimfunga beberu mlangoni pa Wamae, nikasema, chukua, rika langu, kwa roho safi. Alimtazama beberu, akanitazama mimi. Halafu macho yakamlowa. Ushindi!

Jumamosi, 16 Machi

Hakuna ushindi. Asubuhi nimeitwa kwa Wamae nikakuta wazee wameketi na makoti yao. Mzee Gicheru amenipa mkono akanishukuru kwa kukubali kosa. Kosa gani? Ati hapa kwetu watu wakigombana, mmoja akampelekea mwenzake mbuzi, aliyepeleka ndiye mwenye hatia. Hata mtoto anajua. Na mimi najua! Ila nilidhani mbuzi wa Sista ni mbuzi mwingine.

Nilitaka kueleza. Lakini beberu alikuwa ameshachomwa na mimi nimeshika ubavu mkononi. Ukishakula mbuzi wa suluhu, maneno yamekwisha. Wamae akasimama akasema amenisamehe. Amenisamehe! Mimi! Kisha akachukua panga, akaikata kayaba kwa mkono wake, akaacha nafasi ya kupita mtu na mkebe wake wa maziwa na hata ng'ombe.

Wazee walipiga makofi. Mbavu zilikuwa tamu, hilo siwezi kukataa.

Jumapili, 17 Machi

Kanisani Sista amemsimamisha Wamae mbele. Mfano wa upole! Watu wakapiga makofi, Murugi naye, tena kwa nguvu. Baadaye Sista akaniambia inataka ujasiri mtu mzima kukiri. Nikamwambia sijakiri. Akasema unyenyekevu wangu unamgusa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeuchunguza moyo na nimeamua. Sitapita njia ile. Nikipita ni kama kutia sahihi kwamba nilikosa.

Nimezungukia darajani, mkebe begani, mvua, matope mpaka magotini. Lori limeondoka. Karani amesema hawezi tena, kesho anafuta jina. Nimemsamehe. Wakati wa kurudi nilisimama makusudi mahali Wamae ananiona, ili upole wangu umchome. Akanipungia mkono. Akaita, pita hapa bwana, njia si ni yako! Mtu mkatili sana.

Jumanne, 19 Machi

Murugi amenipokonya mkebe. Akapita katikati ya ua, akasimama kucheka na Magdaline, na bado lori akalipata. Nafasi yetu imebaki, ila karani amefuta jina langu akaandika la Murugi.

Kumbe adui yuko ndani ya nyumba! Lakini siwezi kumpigia kelele. Nimemwambia kwa sauti ya chini kwamba kuanzia sasa nafunga, sitagusa chakula chake mpaka aiache njia ile.

Amesema ni sawa, hata hakuwa amepika.

Naona ameanza kulegea.