Injini ya Mama Rispa

Ochola hakuwa amewahi kushika spana maishani mwake, lakini jambo dogo kama hilo halijawahi kumzuia mtu kuwa fundi mtaani Mowlem. Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza nyuma ya vibanda, hana mbele wala nyuma, alipoona kombi kuukuu imekalishwa juu ya mawe. Kuku walikuwa wakitokea dirishani. Kando yake alisimama mama wa makamo, mikono kiunoni.

"Mathe, habari ya asubuhi. Hii gari ni yako?"

"Nimeinunua juzi, kijana wangu. Mimi ni Rispa, nimestaafu kazi ya reli. Nataka niweke kitanda na jiko ndani, nizunguke Kenya kabla magoti hayajakataa. Lakini sijui hata pa kuanzia."

"Anzia kwangu. Hizi za kizamani ndizo zangu. Wacha nicheki injini kwanza."

Akaenda mbele ya gari. Akagonga, akapapasa, akalala chini akachungulia. Kisha akasimama na kuvua kofia, kwa heshima ya msiba.

"Pole, mathe. Umeuziwa gari bila injini."

"Uuwi! Kumbe nimeliwa?"

"Umeliwa. Lakini usijali, najua mahali nitakupatia ingine, orijino kabisa."

Alikuwa akiaga alipoona kuku akitaga nyuma ya gari, chini ya kifuniko kilicholegea. Akainama. Injini ilikuwa huko huko nyuma, imetulia chini ya manyoya na kinyesi. Mtu mwingine angeona haya. Ochola aliona biashara: angemuuzia mama injini yake mwenyewe.

Siku mama alipokwenda sokoni, Ochola na wasukuma mkokoteni waliing'oa ile injini wakaipeleka kwa fundi wa kweli, maana ukimuuzia mtu injini, sharti ingurume. Fundi wa kweli alitaka pesa mkononi. Mama Rispa naye alikuwa na msimamo wake.

"Sipendi kulipa kidogo kidogo, kijana. Siku gari itaingia barabarani, niletee hesabu yote pamoja, nami nitaongeza ya soda."

Hesabu yote pamoja! Ochola alilala akitabasamu. Mkewe, Celine, alikuwa amekwenda Busia kwa matanga na kubaki kuvuna mahindi. Nyumbani kwao, mtaa wa Tassia, alikuwa ameacha friji yake ya kuuzia maziwa baridi, friji iliyolipa kodi miaka yote ambayo mumewe alikuwa "akifuatilia dili". Ochola akaiweka rehani kwa shailoki mmoja, mkopeshaji wa riba kali. Angeikomboa kabla Celine hajashuka basi, na hakuna ambaye angejua.

Injini iliporudi, mama alipiga vigelegele. "Hii ni mpya kabisa! Lakini injini safi hivi, na viti vya kuku?" Ochola akaenda soko la Kariokor kushonesha viti vya ngozi. Ikabaki kutu, na pesa za kumwandika mtu zilikuwa zimekwisha, ikabidi ashike sandpepa mwenyewe. Mama aliketi kwenye kigoda na chai yake.

"Mimi sijui kitu," alikuwa akisema, "lakini hapo si pamebaki?"

Kila mara palikuwa pamebaki. Viganja vikatoka malengelenge. Akapaka rangi ya krimu juu na kijani chini, akairudishia magurudumu, akafunga kitanda, akatundika mapazia. Na sasa inabidi nitoe siri yake: alianza kuipenda ile kombi. Alikuwa akimaliza kazi na bado haendi nyumbani, anaizunguka tu na kitambaa.

Jumamosi Celine akapiga simu: anafika kesho. Ochola akatangaza gari iko tayari.

"Kurudi nyuma naogopa," alisema mama, akishika usukani kwa vidole viwili. "Nielekeze, baba."

Ochola akafungua geti la ua, akasimama katikati ya barabara na kuzuia bodaboda. "Kuja, kuja, kuja! Kata kushoto! Kuja!" Kombi ikatoka bila kugusa ukuta. Mama akabadilisha gia, akampungia mkono, akakata kona. Ochola alisimama pale na hesabu yake mfukoni, akingoja azunguke arudi.

Jua lilipokuwa kali, Abdijabar mwenye duka akamletea soda.

"Usimngoje, ndugu yangu. Mwaka jana ilikuwa pikapu. Fundi wake pia alisimama hapo."

"Na hukuniambia?"

"Wallahi, ulisema wewe ni fundi. Mimi muuza sukari nimfundishe fundi?"

Jumapili Celine aliingia na gunia la mahindi, akatazama pembeni mwa jiko.

"Ochola, friji iko wapi?"

Huyu ni mtu aliyewahi kuuza ploti iliyokuwa katikati ya mto. Lakini siku hiyo alitafuta uongo hata mmoja akakosa. Akamweleza yote: kuku, injini, viti, rangi.

"Nilikuwa nafanya kazi, Celine. Kwa mikono yangu. Nimetengeneza gari mpaka ikatembea." Na akalia, machozi ya kweli, kwa ajili ya friji na kwa ajili ya kombi.

Celine aliketi juu ya gunia.

"Miaka yote nimeubeba uongo wako, kwa sababu angalau ulikuwa unafanana na wewe. Huu haufanani na wewe hata kidogo. Tafuta uongo mwingine."

Akatoka kwenda kuuliza majirani habari za friji. Ochola akaketi pale palipokuwa na friji, akaanza kutafuta.