Mjomba wa Dhamana

Sukari hakuwa na kazi, lakini alikuwa na shughuli nyingi. Mtaa ulimpa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake, ulimi uliowahi kuuza mwavuli mmoja kwa watu watatu huku mvua ikinyesha. Siku alipoiona ile pikipiki uani kwa fundi, imeegemea ukuta, kuukuu na haina kiti, moyo ulimpiga paa.

Ilikuwa pikipiki ya kupandia majabali. Kwa wasiojua, mashindano ya mashine hizi hayataki mbio: mtu hupanda mawe na magogo akiwa amesimama, na mshindi ni yule asiyekanyaga chini. Kiti cha nini? Mjini kulikuwa na kundi la watu wa maofisini waliokwenda kilimani kila Jumapili kuvunjika viuno kwa hiari yao, na Sukari aliamini kwamba mtu anayelipia maumivu hawezi kubishana bei.

Fundi hakutaka pesa. Alitaka friza. Na friza pekee ambalo Sukari angeweza kulifikia lilikuwa la mkewe, Mama Barafu, ambaye kwa kuuza barafu na maji baridi aliilisha nyumba nzima, pamoja na mfanyabiashara wetu huyu. Kwa bahati njema Mama Barafu alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, na angerudi Jumamosi saa kumi jioni. Kwa hiyo Sukari angebadilisha friza kwa pikipiki, angeiuza pikipiki Jumamosi mchana, angelikomboa friza kabla ya saa kumi, na faida ingebaki mfukoni. Mpango safi kabisa. Mipango yake yote ilikuwa safi mpaka siku ya kuitekeleza.

Kasoro alizigundua alipoifikisha nyumbani. Ikiwa baridi, haikuwaka mpaka ipigwe kiki arobaini. Chuma cha chini kinachokinga injini kilikuwa na ufa, nao aliutibu kwa gundi na rangi nyekundu. Jumamosi mchana aliiwasha kwa jasho, akaiacha ingurume mpaka mteja alipobisha hodi, ndipo akaizima na kukaa kama mtu aliyekuwa akisoma gazeti.

Mteja alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mpole, mwenye sura ya kuibiwa. Nyuma yake alikuja mzee mmoja nadhifu, amebeba begi kubwa na mto wa kulalia uliofungwa kwa kamba. Sukari aliuona ule mto, ila macho yake yalikuwa kwenye begi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pana hewa nzuri hapa."

"Huyu mjomba wangu," alisema Miwani. "Pesa zote anashika yeye. Sasa kaka, hii si imezeeka sana?"

"Imekomaa. Mwenyewe alikuwa daktari wa mifupa. Akiipanda Jumapili tu."

Miwani aliinama, akagusa injini. "Mbona ya moto?"

"Jua hilo."

"Si iko chini ya bati?"

"Bati nalo linapigwa na jua, ndugu yangu."

"Na spea zake zinapatikana?"

"Hazipatikani. Zitapatikanaje, na haiharibiki? Nani azitafute?"

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa anasitasita, na Sukari alimpenda kwa hilo, maana mtu anayesitasita tayari ameshanunua, bado kujiambia tu. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Nikiipandisha kile kilima nikarudi, tumemaliza," alisema Miwani. "Dakika kumi tu."

"Na mimi nibaki na nini?"

"Nakuachia mjomba."

Sukari alimtazama mzee, akalitazama begi, akapiga hesabu. Nani anaweza kumtelekeza mjomba wake wa damu, tena mwenye pesa? Alikubali. Miwani alimwinamia mzee kwa adabu, akamwambia, "Mwenyeji wako ndiye huyu, usiwe na wasiwasi," akapiga kiki moja na pikipiki ikawaka. Ikapanda kilima ikiimba. Kwa mara ya kwanza tangu Sukari aijue, mashine ile ilifanya kazi sawasawa na alivyoisifia. Walisikia mlio wake ukifika kileleni, kisha ukiteremka upande wa pili.

Dakika kumi zikapita. Zikawa sitini. Sukari alimkaribisha mzee ndani, akamchemshia chai, kisha akamchemshia nyingine. Saa tisa uzalendo ukamshinda.

"Mzee, huyu mpwa wako vipi?"

"Mpwa wangu yupi?"

"Si huyu mwenye miwani!"

"Yule dalali? Nimekutana naye jana. Mjomba ananiita kwa heshima tu." Mzee alitoa karatasi begini, pamoja na mashati mawili na ndala. Hakukuwa na kingine. "Nimeshamlipa kodi ya miezi mitatu. Ameniambia mwenye nyumba ni wewe, na asubuhi ananiletea ufunguo. Akanikataza kukuuliza habari za pesa, eti una hasira."

Sukari alitaka kukaa, akakumbuka kwamba tayari amekaa. Na mlango ukafunguliwa, maana Mama Barafu alipata usafiri wa mapema.

Alimtazama mgeni. Akautazama mraba mweupe sakafuni, pale friza liliposimama miaka sita. Alimsikiliza mzee mpaka mwisho, akamsikiliza na Sukari, ambaye siku hiyo alisema kweli tupu kwa kukosa uongo wa kutosha.

"Mzee, wewe huna kosa," alisema. "Hiki chumba kilikuwa cha friza. Utalala hapa, friza litakaa kwangu, pale anapolala huyu."

"Na mimi je, mke wangu?"

"Vaa viatu."

Wakaenda wote watatu kwa fundi, na mkokoteni wa kuazima. Fundi, aliyejua vizuri ubovu wa pikipiki aliyoitoa, hakubisha sana. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, yeye abaki na nini.

"Nakuachia mume wangu. Akufanyie kazi mpaka pikipiki yako ipatikane."

Fundi alimzunguka Sukari polepole, akambonyeza bega. "Ana kasoro yoyote, shemeji?"

"Akiwa baridi ni mgumu kuwaka. Ukishampasha moto, anakwenda."

Friza likapakiwa, mzee akashika upande mmoja wa mkokoteni, wakaanza kuondoka. Sukari alisimama katikati ya uwanja uliojaa oili, mikono ikining'inia, machozi yakimlengalenga, na hayakuwa ya biashara.

"Mama Barafu! Utanifuata lini?"

Mkewe hakugeuka.

"Dakika kumi tu," alisema.