Magoti ya Hirsi na Amri ya Kusimama

Kwa Bwana Afisa Msimamizi,
Kijiji Kilichozungushiwa Miba,
Upande wa Ijara.

Assalaam aleikum, Bwana Afisa, wewe na wote walio chini yako.

Mimi ni Shamso Korane, mke wa Hirsi Guleid, yule mzee anayeketi wakati wenzake wanasimama kuhesabiwa. Nakuandikia kwa heshima kuhusu magoti yake. Mkono ni wa karani wa duka, maneno ni yangu. Kiswahili nilikipata kwa kuwauzia polisi maziwa, kwa hiyo ukikuta neno kali ujue nilifundishwa na wenyewe.

Magoti ya Hirsi yamevimba tangu mtuhamishie hapa. Dawa yake naijua, na mama yangu aliijua. Ni manemane, sisi twaiita malmal. Husagwa, ikachanganywa na mafuta ya ngamia, ikapashwa moto, kisha goti likafungwa kitambaa mwenyewe akiwa bado analia. Haipiti muda, mtu huyo anaenda kisimani peke yake. Sasa malalamiko yangu.

1. Manemane iko nje ya ua. Miti yake haikuhamishwa pamoja nasi, sijui ilisahaulika au ilikataa amri. Kutoka nje kunataka kibali, na kibali hupewa mgonjwa mwenyewe akiwa amesimama mbele ya meza yako. Nilieleza kwamba hawezi kusimama, ndiyo maana anataka dawa. Nikaambiwa basi apone kwanza, kisha aje aombe ruhusa ya kutibiwa. Nimelifikiria jambo hili nikipika na nikifua, na nakiri kwamba serikali imenizidi akili.

2. Mfuko wa manemane niliokuja nao ulichukuliwa langoni, kwa kuwa mabonge yake yalidhaniwa kuwa baruti. Alikabidhiwa koplo wako auchunguze, naye siku hizo alikuwa akichechemea. Sasa koplo anaruka mitaro kama mwanambuzi. Nampongeza kwa uchunguzi mzuri. Naomba tu kujua kama umekwisha, au bado kuna kiwiko.

3. Zahanati ilimpa Hirsi vidonge vyeupe. Ndivyo walivyopewa majirani zetu, Kaltun kwa jicho, na Billow alipoumwa na ngamia.

4. Kila asubuhi tunahesabiwa tukiwa wima. Anayeketi haandikwi, na asiyeandikwa huhesabiwa kuwa yuko msituni na shifta. Kwa hiyo mume wangu, ambaye hafiki chooni bila bega langu, yuko porini anapigana na serikali tangu mvua zilipokwisha. Kwa kosa hilo mlimchukua ngamia wetu wa maziwa, wa mwisho tuliyebaki naye, mkamfungia katika zizi lenu mpaka mwenyewe aje amdai kwa miguu yake. Hapa sifanyi mzaha, Bwana Afisa. Wajukuu wangu walikuwa wakinywa maziwa yale. Sasa wanakunywa chai ya rangi na kunitazama.

5. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Tumewapisha. Lakini Hirsi hawezi kumpisha mtu, maana hata kupisha kunataka magoti.

Basi naomba unifungulie lango nikachume manemane. Kama hilo ni zito, ahesabiwe akiwa ameketi; mtu haongezeki kwa kusimama. Na kama hilo nalo ni zito, naomba serikali imtambue rasmi kuwa shifta wa mkekani, ilete jeshi limzingire hapo alipo, nami nitawachemshia chai. Angalau atakuwa ameandikwa mahali.

Wasalimie nyumbani kwako, msalimie karani wako, na usimsahau koplo, pamoja na kila kiungo chake.

Ni mimi, ninayesimama kwa niaba ya wawili,
Shamso Korane

Tanbihi: Barua ilikuwa haijafungwa. Jana asubuhi mliwatoa ngamia wa zizini kuwapeleka kuchinjwa. Hirsi alisikia kengele ya mbao aliyomchongea ngamia wetu kwa mkono wake. Akainuka, bila manemane, bila bega langu. Alitembea mpaka langoni akasimama mbele ya ngamia wake, wima kuliko mlingoti wenu wa bendera. Kwa hiyo yote niliyosema juu ya dawa yafute. Dawa mlikuwa nayo nyinyi.

Koplo akasema kumbe mzee huyu anaweza kusimama, siku zote alikuwa akiidanganya serikali. Akamtia ndani, na ngamia akapelekwa. Nimemchungulia dirishani, magoti yamekuwa maboga. Mlinzi ameniambia sheria ya humo ni mfungwa kuketi chini, marufuku kuinuka.

Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, mmemwandika kuwa yupo.