Leo Nimemuuzia Mungu Aproni

Leo nimejiaibisha mbele ya Mungu na mbele ya watu wenye kadi za biashara. Nawaandikia mapema kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana ukumbi ulikuwa umejaa na kila mtu alikuwa na simu.

Kwa wale hamnijui, mimi ni Nyambura, nashona nguo za kazi hapa Kimbo, Ruiru. Nina chumba kimoja chenye cherehani tatu na tuko watatu: mimi, Njeri na Mwende. Kinachotulisha hasa ni sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa hatulali. Zikishafunguliwa tunalala kupita kiasi. Mwezi huu wote tumekuwa tukibadilisha zipu za watu na kupunguza suruali, na Jumatatu niliwaambia wasichana ukweli: nisipopata mteja wa maana wiki hii, itabidi waende nyumbani mpaka msimu wa sare urudi.

Njeri alichukua kitambaa akaanza kupangusa cherehani ambayo ilikuwa safi tayari. Hiyo iliniuma kuliko kama angelia.

Ndiyo maana niliposikia kuna mkutano wa wafanyabiashara wadogo kwenye hoteli moja mjini Thika, na kwamba wanunuzi wa viwandani wamealikwa, nilijiandikisha papo hapo. Mikutano hii mnaijua. Mnakaa, mnabadilishana kadi, mnakunywa chai, halafu kila mmoja anapewa dakika moja ya kusimama na kujinadi. Dakika ikiisha kengele inalia, na unakaa hata kama ulikuwa hujamaliza kutaja jina lako.

Maneno ya dakika yangu aliniandikia binamu yangu Kariuki, ambaye anauza bima na hajawahi kukosa la kusema.

"Hapa umeandika tuna mafundi kumi," nikamwambia. "Tuko watatu."

"Nyambu, hakuna mtu hununua kwa mtu mdogo. Jipandishe. Huko kila mtu hujipandisha."

"Na hii ya mashine za kisasa? Moja hukwama."

"Inakwama kisasa. Wewe kariri mpaka iwe inatoka yenyewe."

Nikakariri. Nikakariri nikishona, nikiosha vyombo, nikingoja maji yachemke. Niligundua kwamba nikifumba macho inatoka bila kukwama, kwa hivyo nikazoea kuisema nikiwa nimefumba macho. (Hapo ndipo nilipochimba shimo langu, na nikalichimba kwa bidii.)

Leo asubuhi nikavaa koti langu la heshima. Nywele zilikuwa hazijasukwa, nikafunga kitambaa kichwani. Nikafika mapema, nikakaa mezani mbele kabisa, kwa sababu Kariuki alisema wanunuzi hawaoni watu wa nyuma. Kando yangu akakaa mzee mmoja mchangamfu anayeitwa Baba Kim, anayeuza vifaranga hapa hapa Ruiru. Meza ya pili, huku amevaa miwani na uso usiocheka ovyo, alikuwa Madam Wangeci, anayesimamia ununuzi katika kiwanda kimoja cha biskuti pale Eneo la Viwanda.

Wafanyakazi wa biskuti wote huvaa aproni na kofia. Nilimtazama yule mama nikaona aproni zikipita nyuma yake kwa mstari.

Nikaingiwa na woga. Nikahisi maneno yote yamenitoka. Nikashika mkoba kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikaanza kujikumbusha polepole, midomo ikicheza.

Mwenyekiti akapanda mbele akashika maikrofoni.

"Habari zenu wafanyabiashara. Kabla tuanze tunahitaji mtu wa maombi. Na naona kuna mama hapa mbele ameshaanza peke yake. Mama, hebu simama utuombee sisi wote."

Watu wakapiga makofi. Nikafungua macho nione huyo mama ni nani.

Ukumbi mzima ulikuwa unaniangalia kwa heshima. Ningesema nini? Kwamba sikuwa naomba, nilikuwa napiga hesabu ya jinsi ya kuwauzia? Kitambaa kichwani, mikono imekunjwa, midomo inacheza. Hata mimi ningenichagua.

"Simama tu mama," Baba Kim akaninong'oneza. "Ushajipasha moto tayari."

Nikasimama. Nikafumba macho.

Nilianza vizuri, na hilo naomba mlikumbuke. "Baba yetu uliye mbinguni, tunakushukuru kwa siku ya leo. Umetutoa mbali, umetufikisha salama."

"Amina," ukumbi ukasema.

"Tunauweka mkutano huu mikononi mwako."

"Amina."

Mtu mwenye akili angemalizia hapo akakaa. Lakini macho yalikuwa yamefumbwa, kimya kilikuwa kizuri, na kinywa changu, ambacho wiki nzima kilikuwa kimefundishwa jambo moja tu la kufanya macho yakifumbwa, kikashika njia yake.

"Baba, jina langu ni Nyambura, mwanzilishi na mkurugenzi mkuu wa kampuni ya nguo za kazi iliyoko Kimbo."

Ikatoka amina moja tu, ya kusitasita. Ya Baba Kim.

Nilijisikia. Nataka mjue kwamba nilijisikia kwa masikio yangu, kama vile unavyoona kikombe kikienda sakafuni na mkono wako uko mbali.

"Tunashona ovaroli, aproni na kofia za kazi za hali ya juu. Tuna kikosi cha mafundi kumi wenye uzoefu mwingi."

Hapo nikanyamaza. Kumdanganya mnunuzi ni jambo moja, na Kariuki analifanya kila siku anakula vizuri. Lakini huyu niliyekuwa naongea naye chumba changu anakijua. Mafundi kumi angewaona wamekaa wapi? Jasho likanitoka chini ya kitambaa.

"Baba, unajua tuko watatu," nikasema.

"Amina!" Hii ilikuwa kubwa.

"Na mimi nikiwa mmoja wao."

"Ndio, Bwana."

"Tunatumia mashine za kisasa," kinywa kikaendelea, mimi nikikifuata nyuma nikisafisha. "Moja hukwama, Baba. Hiyo pia unaijua. Kila siku unaniona nikiipiga kofi."

Nyuma ya ukumbi mtu alianza kucheka akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mama mmoja akasema haleluya. Sijui alikuwa anashangilia mashine au kofi.

Nilitafuta mlango wa kutokea. Mlango pekee niliokuwa nao ni ule Kariuki aliouandika mwishoni, kwa hivyo nikaukimbilia.

"Kwa hivyo, je, uko tayari tufanye kazi pamoja? Naomba nambari yako ya simu nikupigie Jumatatu asubuhi. Asante kwa muda wako. Na Mungu akubariki sana. Amina."

Nikafungua macho.

Hakuna aliyesema amina. Nilisimama pale nikajirudia kimoyomoyo nilichosema. Nilikuwa nimemwomba Mungu nambari ya simu. Nilikuwa nimemshukuru kwa muda wake. Halafu nikamtakia Mungu ambariki. (Mungu yupi mwingine, jamani? Nilikuwa namtuma kwa nani?)

Mwenyekiti akasogeza maikrofoni, akairudisha. Ndipo Baba Kim, polepole, kwa sauti ya mtu mwenye imani isiyoyumba, akasema, "Amina." Na dada aliyewekwa kugonga kengele ya dakika, sijui nani alimtuma, akaigonga.

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walilala juu ya meza. Mwenyekiti alishikilia kile chuma cha maikrofoni wakaanza kuyumba pamoja. Mhudumu aliyekuwa amebeba trei ya mandazi ilibidi aiweke chini. Mimi nilikaa, masikio yakiwa moto, nikiangalia kitambaa cha meza. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona aibu namna hiyo. Nilitamani kitambaa hicho kiwe kirefu kidogo niingie chini yake.

Mlango ulikuwa karibu. Ningechukua mkoba nikatoka na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini ningeenda Kimbo kumwambia Njeri nini? Kwamba pangusa vizuri hiyo cherehani, utaiona tena mwezi wa kumi na mbili? Nikabaki.

Zamu za kujinadi zikaanza. Baba Kim akawa wa kwanza, akasimama kwa mbwembwe zote.

"Mimi ni mfugaji mkubwa. Ninapoongea hivi nina vifaranga elfu tano..." Akaangalia juu kwenye dari. Akaniangalia mimi. "Elfu moja. Na wengine bado ni mayai."

Watu wakapiga makofi kuliko kama angesema elfu kumi. Akafuata kijana wa kuuza juisi, amevaa tai nyembamba.

"Kampuni yetu ina matawi..." Naye akaangalia dari. "Haki, ni kibanda kimoja. Kingine tunakiwazia."

Basi ikawa hivyo. Dada wa keki akakiri kwamba ile picha kwenye kadi yake si keki yake. Fundi wa milango akasema akisema wiki moja watu wawe wanaelewa ni tatu. Kila aliyesimama alianza kwa kujipandisha, akaangalia dari, akashuka mwenyewe. Hata Mwenyekiti alipofika kujinadi alisema, "Kwa vile tumefika hapa, hii suti nimeazima." Sijawahi kuona mkutano wa biashara wenye furaha kama huo. Watu waliokuwa wamekuja wakiwa wamekakamaa sasa walikuwa wanapeana namba kama watu waliosoma pamoja.

Zamu yangu ilipofika nikaanza kuinuka.

"Huyu mama tumruke," Mwenyekiti akasema. "Yake ilienda moja kwa moja juu."

Wakacheka tena, nikakaa tena. Hapo sasa nikaona mambo yameisha. Dakika yangu, ile niliyoisomea kama mtihani, ilikuwa imeisha kabla ya mkutano kuanza. Furaha ilikuwa ya wote lakini kazi haikuwa yangu.

Wakati wa chai nilijificha karibu na birika. Nikasikia mtu anasema nyuma yangu, "Mama wa aproni." Nikageuka. Madam Wangeci, miwani na kila kitu.

"Madam, samahani sana kwa yale ya asubuhi," nikaanza.

"Wacha hiyo. Mimi kila mwezi naambiwa kuna mafundi ishirini. Nikienda kuangalia nakuta msichana mmoja na redio. Kwako nikija, najua nitakuta nini."

"Watatu," nikasema.

"Na ile mashine."

"Na ile mashine."

Uso usiocheka ovyo ulikuwa unajizuia kwa shida. "Nina shifti moja inahitaji aproni mpya na kofia. Tuanze na hiyo, nione mshono wenu. Mnaweza?"

Kinywa kilitaka kusema tunaweza kuvalisha kiwanda kizima kufikia kesho kutwa. Nilikifunga kwanza. "Tukipewa wiki mbili tunaweza, Madam. Na mashine nitaitafutia fundi leo."

"Wiki mbili ni sawa." Akatoa kadi kwenye mkoba. "Na ile namba ulikuwa unaomba, naona mwenyewe hajakupa. Shika yangu. Jumatatu asubuhi nipigie."

Nilishukuru mpaka akaniambia inatosha. Kisha nikaenda nje penye maegesho, nikasimama kati ya magari mawili nikacheka peke yangu, na machozi pia yalikuwemo, siwezi kuwaficha. Kariuki alikuwa amenitumia ujumbe: "Vipi? Ulijipandisha?" Nikamjibu kwamba nilipanda mpaka nikaishiwa na ngazi. Hajaelewa hadi sasa.

Halafu nikampigia Njeri.

"Njeri, msifunge mizigo."

Akauliza kwa sauti ndogo: "Tumepata?"

"Kiwanda cha biskuti. Aproni na kofia za shifti nzima. Wewe na Mwende, hakuna kwenda nyumbani."

Nikasikia Mwende akipiga kelele nyuma yake, kiti kikaanguka, kisha cherehani ikaanza kulia kwa kasi. Walikuwa wanashona nini sijui, kitambaa chenyewe hatujanunua.

"Haki Mama, uliwaambia nini hao watu?" Njeri akauliza.

"Wao sikuwaambia kitu. Nilikuwa naongea na Mungu, wakasikiliza."

Sasa ndugu zangu, nawaomba msicheke. Yeye niliyemtakia baraka zake mwenyewe acheke akitaka, yeye ana haki.