Mrija Wenye Jina la Bitutu

"Mama Bitutu, huyu mtoto wako alianza ulevi lini?"

Phelis, jirani yake Yunia, aliuliza hivyo wakiwa katikati ya majani chai, vikapu mgongoni, na mikono yake haikuacha kuchuma. Yunia akajibu kwamba Bitutu, bintiye, hajawahi kuonja hata povu la busaa. Phelis akamwambia basi aende asome mwenyewe, jina liko ukutani kwa chifu, namba nne, kwa wino wa serikali.

Lilikuwako kweli. Mwaka huo wa 1973, lokesheni ya Chemoiwet ilikuwa imebahatika. Ililetewa Bwana Lazarus, kijana mwenye digrii moja, aliyekuwa akitafuta ya pili katika ustawi wa jamii, upande wa afya ya vijana na kuzuia ulevi. Chifu Jonah aliita baraza, akatangaza kwamba tangu saa nne asubuhi hiyo ulevi wa vijana umezuiwa rasmi. Ikaundwa Kamati ya Kuzuia Ulevi wa Vijana Kabla Haujaanza, wazee kumi na wawili, mwenyekiti chifu mwenyewe. Bwana Lazarus naye alihitaji vijana kumi na wawili ili amalize masomo yake. Wale wanaokunywa walikataa kuandikwa kwenye rejista. Kwa hiyo wakaandikwa wasiokunywa, kwa kuwa hao ni watiifu.

Yunia alikuwa mjane, mtu wa kanisa, na kazi yake ya jioni ilikuwa kufagia ukumbi wa chifu na kuosha vikombe vya kamati. Hakuwa mtu wa kelele. Lakini Bitutu alikuwa ameitwa kusomea uuguzi, aripoti Jumatatu, na barua ya kuitwa ilisema aje na cheti cha chifu kwamba hayumo katika rejista yoyote ya tabia mbaya. Yunia akajifunga leso, akaenda kumwona Bwana Lazarus.

"Mtoto wangu hanywi, bwana ofisa."

"Ndiyo sababu, mama. Aliyeanza hawezi kuzuiwa tena, ameshatupita. Sisi tunamtaka yule ambaye bado."

"Na jina litatoka lini?"

"Akiacha."

"Aache nini?"

Bwana Lazarus alifungua faili, akapekua mbele na nyuma, akasema hilo ni swali zuri sana na litafika mbele ya kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai birika tatu, ikaamua kwamba kuacha kunahitaji ushahidi.

Ushahidi ulipatikana wiki hiyo hiyo. Chifu akiwa mkutanoni Kericho, Bwana Lazarus alisikia habari za nyumba moja karibu na mto ambako pombe hupikwa. Akaenda mchana na askari mmoja, na ndani ya nyasi za paa akatoa mirija kumi na miwili, ile mirefu ya kunywea busaa kutoka chungu kimoja. Kumi na miwili, na vijana kumi na wawili! Hesabu kama hiyo, alisema, haiji bila maana. Akafunga kadi kwenye kila mrija, jina la kijana kwa kila mmoja, akaipanga ukumbini.

Chifu aliporudi aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaagiza kwamba vielelezo hivi ni mali ya serikali, visivunjwe, visikunjwe, na vipakwe mafuta kila jioni. Kazi ya kupaka mafuta akapewa Yunia.

Hapo ndipo alipoijua mirija ile vizuri. Watu wa huku hawaazimani mrija, kama vile mtu haazimi mswaki. Kila mzee ana mrija wake, na kila mrija una alama. Marehemu mume wake aliwahi kuketi kwenye chungu kile kabla hajaokoka, na Yunia alikuwa amemfuata huko mara nyingi kumrudisha nyumbani. Mrija wenye jina la Bitutu ulikuwa na waya wa shaba mizunguko saba, na kipande cha ngozi ya mbega. Alijua ulikuwa umekaa mkononi mwa nani. Lakini aliyekaa nao ndiye huyo huyo wa kutia sahihi cheti. Yunia aliomba Mungu siku mbili. Siku ya tatu alimuuliza Bwana Lazarus swali moja tu: Bitutu akivunja mrija wake mbele ya watu, atakuwa ameacha?

Faili likafunguliwa. Ndiyo, atakuwa ameacha, na jina litatoka palepale.

Ijumaa akaja Daktari Rebeccah, mwalimu wa Bwana Lazarus, kutoka Nairobi, kumpa mwanafunzi wake maksi. Chifu alihutubia juu ya vijana na aibu. Kisha Bwana Lazarus akatangaza jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba: kijana namba nne ataacha ulevi sasa hivi.

Bitutu alishika mrija kwa mikono miwili, akauweka juu ya goti.

"Polepole," chifu akasema. Alikuwa amesimama. "Huo si wake."

Daktari Rebeccah aliinua miwani. "Ni wa nani?"

Chifu akavua kofia yake.

"Ulikuwa wa baba yangu," chifu akasema.

Kijana namba tano alikuwa ameshaweka wake gotini. Mzee Bethwel wa kamati akaomba ushikwe taratibu, huo wake una ufa. Baada yake wazee wengine waliinuka mmoja mmoja, kila mtu akionyesha wake kwa kidole, na Bwana Lazarus, ambaye hakuwa mtu wa kudharau data, akakata majina kumi na mawili na kuandika mengine kumi na mawili. Chifu akawa namba nne.

"Cheti cha huyu msichana kiandikwe hapa hapa," alisema Daktari Rebeccah. Chifu akatia sahihi. Yunia akapuliza wino ukauke, akakikunja ndani ya Biblia.

"Na jina lako, mzee," Bwana Lazarus alisema kwa heshima yote, "litatoka ukiuvunja."

Chifu Jonah aliutazama ukuta, ilipobandikwa rejista. Akautazama mrija. Akauchukua kwa Bitutu, akaupitisha chini ya koti, na kwa kuwa ulikuwa mrefu kuliko koti, ukatokeza juu ya bega lake na chini ya goti, akatoka nao hivyo hivyo.